Nyoka Anauzwa kwa Rangi, Anaishi kwa Jeni

Kuna nyoka anayebeba jina la nchi yetu ambaye Wakenya wengi hawajawahi kumwona. Marekani na Ulaya wanamwita boa wa mchanga wa Kenya. Wanasayansi wanamwita Eryx colubrinus. Ni mfupi, mnene, hana sumu, na kazi yake kubwa ni kujifukia mchangani katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi, macho tu yakiwa nje, mpaka windo lipite karibu. Kwa asili ana mabaka ya kahawia iliyokolea juu ya rangi ya chungwa au manjano. Ukifungua orodha za wafugaji wa ng'ambo utamkuta amekuwa mwingine: mmoja ana chungwa na nyeupe bila tone la weusi, mwingine ni mweusi na kijivu bila chungwa hata kidogo, wa tatu ni mweupe unaoelekea waridi. Hakuna aliyepakwa rangi. Ni jeni mbili tu zilizobadilika, moja moja au zote mbili kwa pamoja, na mtu aliyeamua dume lipi lipandishwe na jike lipi.

Vijana wa Nairobi wanazifuata video za wafugaji hawa kwa hamu. Wanataja mofu (aina za rangi), heti na super kwa wepesi kama wanavyotaja majina ya wachezaji wa mpira. Naifurahia hamu hiyo, kwa sababu nyoka katika jiji hili hukutana na fimbo na mawe mara nyingi zaidi kuliko anavyokutana na mtu anayetaka kumwelewa. Ila kinachowafikia vijana hawa ni nusu ya habari. Wanaonyeshwa rangi na bei. Hawaambiwi kwamba anayechagua rangi anachagua jeni, na kwamba jeni hiyo ina shughuli nyingine mwilini mbali na ngozi.

Tuanze na ngozi yenyewe. Rangi ya nyoka hutokana na seli za aina chache. Zipo zinazotengeneza melanini, ile rangi ya kahawia na nyeusi ambayo hata sisi tunayo. Zipo zinazobeba manjano na nyekundu. Halafu zipo zisizo na rangi yoyote ya kwao, bali zimejaa fuwele ndogo zinazoakisi mwanga. Nyoka wengi wa kijani ni kijani kwa sababu mwanga wa buluu unaoakisiwa na fuwele hizo hupita kwenye tabaka la manjano. Seli hizi zote zina asili moja. Katika kiinitete hutoka kwenye ukingo wa ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, kisha husafiri mpaka kwenye ngozi. Njiani na mwishoni mwa safari hiyo, seli nyingine za ukoo huo huo huingia kwenye neva, kwenye mifupa ya uso na kwenye sikio la ndani. Msomaji aliweke hilo akilini.

Sasa hesabu. Kila nyoka ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Boa wa mchanga asiye na weusi, yaani albino, anahitaji nakala zote mbili ziwe zimeharibika. Akiwa na moja nzima, hiyo moja inatosha kutengeneza melanini na nyoka anaonekana wa kawaida kabisa. Jeni ya namna hii ni jeni fiche. Ukimpandisha albino na nyoka wa kawaida, watoto wote watafanana na mzazi wa kawaida, lakini kila mmoja amebeba nakala moja ya ualbino bila kuionyesha. Hao ndio wafugaji wanaowaita heti. Heti kwa heti, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa albino.

Robo hiyo imewapoteza wengi. Mtu anasikia robo, anatarajia mayai manne yampe albino mmoja, kama vile mayai yamekaa kikao na kugawana. Kila yai linaanza hesabu yake upya. Chukua chatu wa kifalme, Python regius, yule mdogo wa Afrika Magharibi ambaye ndiye kiini cha biashara hii yote duniani. Hutaga mayai machache, tuseme sita. Katika mayai sita ya heti kwa heti, uwezekano wa kutopata albino hata mmoja ni takribani asilimia 18. Mfugaji mmoja kati ya watano au sita atarudi mikono mitupu, na hajakosea chochote.

Jeni fiche zikiwa mbili mambo yanakuwa mazito zaidi. Yule boa mweupe wa waridi ni albino aliyekosa pia nyekundu. Kumpata, unapandisha albino na yule mweusi na kijivu. Watoto wote wanatoka wa kawaida kwa sura, heti wa pande mbili. Unawalea mpaka wakomae, unawapandisha wao kwa wao, na hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya 16. Katika watoto sita, uwezekano wa kutompata hata mmoja ni asilimia 68. Nyoka aliyeuzwa ghali mwanzoni hakuuzwa kwa uzuri tu. Aliuzwa kwa miaka iliyokwisha kumlea mzazi wake, na kwa mikumbo, yaani uzao wa mara moja, iliyotoka bila kitu.

Miaka hiyo ndiyo inayoupa udanganyifu nafasi. Heti kwa heti, watoto watatu kati ya wanne kwa wastani watakuwa na sura ya kawaida, na wawili kati ya hao watatu wamebeba jeni. Kwa macho hutawatenganisha. Wauzaji huwaandikia kuwa ni heti kwa asilimia 66, na hesabu hiyo ni sahihi: theluthi mbili. Mnunuzi mgeni anadhani nyoka wake ana jeni kwa kiasi cha asilimia 66. Hapana. Nyoka huyo ama anayo ama hana, na asilimia hiyo inapima kutojua kwetu. Njia ya zamani ya kujua ni kumpandisha na albino. Akiwa heti, kila mtoto ana nafasi nusu ya kuzaliwa albino. Wakitoka sita wote wa kawaida, uwezekano kwamba alikuwa heti umeshuka kutoka theluthi mbili hadi asilimia 3 hivi. Jibu limepatikana, lakini jike la chatu wa kifalme huchukua takribani miaka mitatu kufikia kutaga, na aliyekuuzia huenda alishahama mji. Mkazi wa Nairobi aliyenunua mtoto wa mbwa kando ya barabara, akaapiwa ni German Shepherd halisi, huujua ukweli miezi michache baadaye masikio yasiposimama. Kwa nyoka, ukweli unasubiri kizazi kizima. Siku hizi zipo maabara ng'ambo zinazopima gamba alilojivua nyoka na kutoa jibu kwa baadhi ya rangi, na hilo limeanza kuwabana waongo.

Si rangi zote zinazojificha. Pastel na Mojave, kwa mfano, ambazo ni rangi za chatu wa kifalme, huonekana kwa nakala moja tu: nyoka mwenye nakala moja ya Mojave ni tofauti na wa kawaida, na mwenye nakala mbili ni tofauti tena, mweupe karibu mwili mzima na macho ya buluu. Huyo wa nakala mbili ndiye wanayemwita super. Kinachovutia ni kwamba Mojave ukimpandisha na aina nyingine iitwayo Lesser, baadhi ya watoto pia hutoka weupe wenye macho ya buluu. Maana yake ni kwamba Mojave na Lesser ni mabadiliko mawili tofauti ya jeni moja. Wafugaji waligundua hilo kwa kupandisha na kuandika, bila darubini wala maabara, na kwa njia ile ile ambayo Mendel alizitumia njegere zake kabla ya kuchapisha kazi yake mwaka 1866. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayekariri njegere hizo ili apite mtihani angeelewa somo upesi zaidi kwa picha za mkumbo mmoja wa chatu hawa.

Na kuna jambo ambalo ningetaka kila mwalimu wa biolojia jijini alifundishe. Chatu wa kifalme albino wa kwanza kuzalishwa na binadamu walianguliwa mwaka 1992 kwa mfugaji wa Marekani, Bob Clark. Kwa miaka 30 iliyofuata watu waliwazalisha kwa maelfu bila kujua ni jeni gani hasa. Mwaka 2022 watafiti wa Eastern Michigan University, wakiongozwa na Hannah Seidel pamoja na darasa la wanafunzi, walikusanya magamba kutoka kwa wafugaji na kuchapisha jibu kwa rangi tatu. Albino wa kawaida: jeni ya TYR. Albino wa zambarau iliyofifia: OCA2. Aina iitwayo Ultramel, ya kahawia hafifu: TYRP1. Sasa zitazame jeni hizo kwa binadamu. TYR ikiharibika huleta ualbino wa aina ya kwanza, OCA2 aina ya pili, TYRP1 aina ya tatu. Ni jeni zile zile. Aina ya ualbino inayopatikana zaidi kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara, sisi wa Afrika Mashariki tukiwemo, ni hiyo ya OCA2. Hata nyoka wa mahindi wa Marekani, ambaye ni wa jamii ya mbali kabisa na chatu, amekosa weusi kwa sababu ya kipande cha DNA kilichojipachika ndani ya OCA2, kama watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walivyoonyesha mwaka 2015.

Nalisema hili kwa uchungu. Katika ukanda huu watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, na kina mama wameachwa na waume zao kwa kudaiwa kwamba mtoto si wa nyumba. Hesabu ya heti kwa heti inamjibu mume huyo waziwazi: mtoto hawezi kuzaliwa na ualbino wa namna hii mpaka nakala moja itoke kwa mama na nyingine itoke kwa baba. Jeni hiyo haikuingia nyumbani kwa laana wala kwa mgeni. Imo ndani ya samaki, ndege, nyoka na watu, na huvunjika mara kwa mara popote ilipo. Ualbino pia unatukumbusha kwamba jeni ya rangi haiishii kwenye ngozi. Mtu mwenye ualbino huwa na shida ya kuona, kwa kuwa melanini inahitajika jicho linapojengwa tumboni, kabla hajaona jua hata mara moja.

Hapo ndipo tunamfikia Spider, aina nyingine ya chatu wa kifalme, na hapa nitakaa.

Mwaka 1999 kampuni ya New England Reptile Distributors ya Marekani ilimzalisha kwa mara ya kwanza chatu wa aina hiyo, kutokana na nyoka mmoja aliyeletwa kutoka Afrika. Mistari yake myeusi ilikuwa myembamba mno juu ya dhahabu, ikatandaa mgongoni hadi ubavuni penye weupe. Ni nyoka mzuri, sitadanganya. Na jeni yake haijifichi: nakala moja inatosha, nusu ya watoto wanairithi, kwa hiyo mtu yeyote mwenye dume moja la Spider angeweza kuzalisha wengine msimu uliofuata. Soko lilimpenda mara moja, likamchanganya na Pastel, na Mojave, na kila rangi iliyokuwepo.

Kila Spider ana tatizo la kichwa. Wengine hutikisika kidogo wakati wa kula. Wengine hupinda shingo mpaka kidevu kinatazama juu, hujizungusha, hukosa windo lililo mbele ya pua, hulala chali bila kujua. Kwa miaka mingi wafugaji walijitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba tatizo lingeondoka kwa kuchagua wazazi wasiotikisika sana. Halijaondoka, kwa sababu halikuja na Spider kama mzigo wa pembeni unaoweza kushushwa. Linarithiwa pamoja na rangi, kila mara. Hoja ya pili, ambayo bado inasikika, ni kwamba nyoka huyo anakula, anakua na anazaa, kwa hiyo hana shida.

Mwaka 2022 timu ya Ujerumani ya J. Matthias Starck na wenzake ilipiga vichwa vya chatu hawa picha za eksirei za pande zote na kulinganisha na vya chatu wa kawaida. Mifereji mitatu ya duara ndani ya sikio, ambayo ndiyo inayomwambia mnyama kichwa kimegeukia wapi, ilikuwa na umbo baya, na kile kifuko kinachohisi mvuto wa ardhi kilikuwa kimeharibika. Hilo linajibu hoja ya pili. Chatu huyu hana mikono wala miguu. Anaishi kwa kupeleka kichwa mahali sahihi kwa wakati sahihi. Kumnyima hisia ya juu na chini, halafu kusema hana shida kwa vile anameza panya, ni kukataa kumtazama mnyama aliye mbele yako.

Kwa nini mistari ya ngozi na mifereji ya sikio viharibike pamoja? Rudi kwenye ule ukingo wa kiinitete. Tunajua kwa wanyama wengine kwamba seli za melanini zinahitajika sikioni. Paka weupe wenye macho ya buluu mara nyingi huwa viziwi. Baadhi ya mbwa wa Dalmatian pia. Kwa binadamu ipo hali iitwayo Waardenburg, ambapo mtu huzaliwa na shungi la nywele nyeupe, macho ya rangi hafifu na mara nyingi uziwi, kwa sababu ya jeni zinazoongoza seli hizo. Kwa Spider ni sikio la mizani linaloumia, lakini ukoo huo wa seli ndio unaowafanya watafiti waelekeze macho huko.

Liko na lingine. Kwa miaka yote hii hakuna aliyethibitisha kumpata Spider mwenye nakala mbili. Wafugaji wengi wanaamini kwamba wenye nakala mbili hufia yaini, na kwa hesabu hiyo kila anayepandisha Spider kwa Spider anatupa robo ya mayai. Aina ya Champagne nayo inahusishwa na kutikisika kichwa, na wafugaji wenye uzoefu huonya dhidi ya kuichanganya na Spider kwa sababu watoto wenye jeni zote mbili hawaishi. Super Cinnamon na Super Black Pastel wamejulikana kwa uti wa mgongo uliopinda na pua iliyobanwa kama mdomo wa bata. Caramel Albino hupinda uti. Majike ya Desert yamejulikana kwa kushindwa kuzaa. Orodha hii inajulikana vyema miongoni mwa wafugaji wakubwa, na bado nyoka hawa wanauzwa. Nchini Uingereza chama cha International Herpetological Society kiliwapiga marufuku Spider katika maonyesho yake mwaka 2018. Ninakiunga mkono bila kusita, na ningependa maonyesho mengine yote yafuate.

Nisieleweke vibaya. Zipo rangi zilizozalishwa vizazi kwa vizazi bila kasoro ya kichwa ya namna hiyo. Piebald, yule mwenye mabaka makubwa meupe kana kwamba rangi iliisha njiani, ni mfano. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada na wenzao waliihusisha rangi yake na jeni ya TFEC, wakaivunja jeni hiyo kwa mijusi maabarani na kuona seli za rangi zikikosekana. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila rangi ni lile lile: jeni hii inafanya nini kingine? Na pale ambapo rangi ni fiche, kuna swali la pili kuhusu namna ilivyopatikana, maana njia ya mkato ya kukutanisha nakala mbili ni kumpandisha baba na binti zake. Njia hiyo haikutanishi jeni moja tu. Inakutanisha kila kasoro iliyokuwa imelala katika ukoo.

Wafugaji hawa wamewahi kuwazidi wanasayansi, na haki yao nitawapa. Rangi iitwayo Banana iliwashangaza: dume la Banana lililorithi jeni kwa baba lilizaa Banana madume karibu watupu, na lililorithi kwa mama lilizaa Banana majike karibu watupu. Vitabu vilisema nyoka wote wana mfumo wa jinsia kama wa kuku, ambapo mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa mfumo huo, rekodi za Banana hazikuwa na maelezo. Zingekuwa na maana tu ikiwa chatu wana mfumo kama wetu, baba akiwa na X na Y, na jeni ya Banana ikikaa kwenye kromosomu hizo: ikiwa kwenye Y inakwenda kwa wana wa kiume, ikiwa kwenye X ya baba inakwenda kwa mabinti. Mwaka 2017 Tony Gamble na wenzake walichapisha ushahidi wa DNA kwamba aina ya chatu na ya boa walizozipima kweli zina X na Y. Madaftari ya wafugaji yalikuwa yameelekeza kidole huko tayari.

Sasa turudi nyumbani. Chatu wa kifalme si wa Kenya; makazi yake yanatoka Senegali na kuishia Uganda na Sudan Kusini. Ghana, Togo na Benin wamesafirisha wengi mno, na mofu za mwanzo zilizotajirisha watu zilianza na nyoka wa ajabu aliyeokotwa porini huko. Mkulima aliyemwona nyoka mweupe shambani alilipwa kidogo. Thamani ilizaliwa baada ya nyoka kupanda ndege. Mjini Ouidah, Benin, chatu hao hao wanatunzwa katika hekalu lao na watu huwaheshimu. Kwa Kenya, boa wa mchanga alishaondoka zamani, na Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana faida za rasilimali za kijeni, ambayo Kenya ni mwanachama wake, ilianza kutumika mwaka 2014 na hairudi nyuma. Lakini nyoka ajaye wa rangi ya ajabu huenda yuko Garissa au Isiolo sasa hivi. Akiokotwa na kupenyezwa nje kwenye soksi ndani ya begi, tutakuwa tumeibiwa kwa mara ya pili.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iko wazi: kumiliki, kufuga au kuuza mnyamapori bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ni kosa. Chatu na boa wote wamo katika Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, na kuwavusha mpaka kunahitaji kibali kingine. Kwa hiyo kijana wa Umoja au Lang'ata anayewaza kuanza na jozi ya chatu aliyowaona kwenye simu ajue kwamba anazungumzia mahakama, na kwamba kununua kutoka kwa mtu wa pembeni ni kumlipa aliyemtoa nyoka porini. Anayetaka kuwaona nyoka wetu kwa karibu aende Nairobi Snake Park pale Museum Hill, iliyofunguliwa mwaka 1961, akaulize maswali. Binafsi sioni haraka yoyote ya kufungua biashara ya rangi nchini.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo inaruhusu ufugaji wa wanyamapori kwa kibali, na siku moja mtu ataomba kibali cha kuzalisha boa wa mchanga kwa rangi, hapa kwao. Akija, KWS wasimpe kwa kukagua tu ukubwa wa sanduku na joto la taa. Wadai rekodi ya kila mkumbo: wazazi ni nani, watoto wangapi walizaliwa, wangapi walikufa, wangapi walikuwa na kasoro na kasoro gani, maana jeni mbaya huonekana kwenye rekodi kabla haijaonekana sokoni. Wadai gamba la kila mzazi lihifadhiwe katika Makumbusho ya Taifa, ili mtafiti wa kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi aweze kulipima miaka kumi baadaye bila kumgusa nyoka. Mauzo ya heti yaruhusiwe kwa maandishi yanayotaja wazazi wote wawili kwa namba zao. Na kibali kibatilishwe siku ile mfugaji atakapopandisha tena ukoo ambao watoto wake hawawezi kunyoosha shingo.